Nusu Ekari ya Mtongwe: Shajara ya Mradi wa Bustani za Kukodi

Septemba 2024

Mimi, mke wangu na dada yangu mkubwa tumekubaliana kununua kipande kidogo cha ardhi upande wa Likoni. Hatukusudii kujenga vyumba vya kupangisha, kama wafanyavyo wengi wanaopata nafasi hapa Mombasa. Tunakusudia kukigawa katika bustani ndogo, kila moja ikodiwe kwa mwaka na mtu anayeishi ghorofani au katika chumba cha kupanga, ambaye hana hata mahali pa kupanda mchicha wa kitoweo. Mboga nyingi zinazouzwa soko la Kongowea hufika kwa malori kutoka bara, na mafuta yakipanda bei au mvua ikiharibu barabara, anayebeba mzigo huo ni mama wa Likoni anaponunua fungu la nyanya.

Mpango wa aina hii si mgeni duniani. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1908 iliziagiza halmashauri ziwapatie wakazi vipande vya kulima, na sheria ya mwaka 1922 ikaeleza kwamba kipande kisizidi robo ekari na mazao yake yawe hasa ya kuliwa na mlimaji na jamaa zake. Kipande cha kawaida huko ni mita za mraba 250 hivi. Mwaka uleule wa 1908, hapa kwetu, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi iliyowataka wenye ardhi katika mwambao wa maili kumi wawasilishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliokuwa wakilima bila karatasi, hasa jamii za Wamijikenda, wengi wao walijikuta nje ya daftari. Mpaka leo kuna maelfu ya watu Mombasa walio na nyumba bila ardhi, wanaomlipa mwenye kiwanja kodi ya kila mwezi kwa mahali ambapo wamejenga wao wenyewe.

Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu ndiyo yanayoamua jinsi tutakavyonunua. Ardhi ya Pwani inaweza kuwa na hati safi kabisa, na wakati huohuo ikawa na watu, miti na njia ambazo hati haizitaji. Bustani ya kukodi haistahimili ugomvi: mtu akiambiwa siku moja kwamba alipopanda panadaiwa, hatapanda tena. Kwa hiyo tumeamua kwamba hatutatia saini chochote mpaka tujue ni nani anayeitumia ardhi hiyo, kwa namna gani, na tangu lini.

Novemba 2024

Mwakirunge kuna nafasi pana na bei nafuu, lakini ni mbali na watu tunaowalenga, na jaa kuu la taka liko huko. Jomvu udongo ni mfinyanzi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Mtu mwenye jembe moja na saa mbili za Jumamosi hataumudu. Waa, upande wa Kwale, udongo ni mzuri, ila ardhi ya kilimo huko huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lisipopelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano kufanyika, mapatano hayo huwa batili. Idhini hiyo huhusu ukodishaji pia, jambo linaloleta uzito kwa mradi wenye mikataba midogo mingi.

Tumevutiwa na nusu ekari iliyoko Mtongwe, takriban mita za mraba 2,023. Udongo wake ni wa mchanga unaolimika kwa urahisi, una kisima cha kuchimbwa kwa mkono chenye kina cha futi thelathini hivi, na una minazi kumi na mmoja. Kuna pia njia ya miguu inayoikata ardhi kutoka pembe hadi pembe, ambayo watu wa mtaa huifuata kwenda msikitini. Mwenye kutuonyesha hakuitaja minazi wala njia.

Januari 2025

Sachi rasmi, yaani upekuzi wa daftari la ardhi, imeonyesha kwamba hati imeandikwa jina la marehemu baba wa wauzaji, haina rehani wala zuio. Hilo pekee halitoshi. Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja anayeishi karibu nayo, hata kama ndiye anayeitunza na kulipa reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti. Familia hii ni ya Kiislamu, na mirathi yao ilikwisha kupitia Mahakama ya Kadhi. Tumeomba nakala ya uamuzi huo na tumelinganisha majina yaliyomo na watu waliokuja kutuona. Mmoja wa mabinti anaishi Maskati, na wakili wetu ameshikilia kwamba lazima atume hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, hata kama kaka zake wanasema kwa simu kwamba ameridhia. Nilimwona wakili akiirudisha ile rasimu ya kwanza mara moja, akaweka kidole kwenye nafasi iliyokosa jina, akasema hatapokea amana ya mnunuzi kwa niaba ya mtu yeyote mpaka nafasi ile ijazwe. Kwa maoni yangu ada ya wakili wa namna hiyo ni fedha inayotumika vizuri kuliko nyingine zote katika mradi huu.

Mpima ardhi aliyesajiliwa ameyatafuta mawe ya mpaka na kuyalinganisha na ramani ya usajili. Yote manne yapo, ingawa moja lilikuwa limefunikwa na takataka za shamba la jirani. Tumemwomba aangalie pia kama kuna sehemu iliyotengewa barabara, kwa kuwa tangu barabara ya Dongo Kundu ijengwe, upande huu wote unapimwa upya na bei zinapanda, na anayenunua bila kuangalia ramani anaweza kuja kuondolewa na mradi wa umma. Yetu haikuguswa.

Tumeuliza pia kama ardhi ni ya wakfu au iliwahi kuwa. Ardhi ya wakfu haiuzwi, na hapa Mombasa ni swali la kuulizwa kila mara. Jibu ni kwamba siyo.

Februari 2025

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Kwa desturi ya Pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Aliyepanda mnazi kwa ruhusa ya mwenye ardhi hubaki na mnazi wake, huula, huurithisha, na hata kuuuza, bila kumiliki udongo ulio chini yake. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 nayo inatambua kwamba ziko haki zinazoifuata ardhi kwa kila mnunuzi ingawa hazikuandikwa katika daftari, zikiwemo haki za kupita, haki za maji na amana za kimila, yaani ardhi ambayo mtu anaishikilia kwa niaba ya jamaa au ukoo. Ndiyo maana tulimtafuta mwenye minazi kabla ya kuzungumza bei.

Alikuwa mzee wa makamo ya babangu, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha barazani kwake na kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi na mamangu ni nani. Baada ya hapo ndipo akasema: “Mwanangu, minazi ile aliipanda marehemu baba, na aliyempa ruhusa ni babu yao hao wanaokuuzia. Ardhi sina neno nayo. Nazi ni zangu.” Nikamwuliza kama angependa kulipwa fidia ili miti iondolewe. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba fedha zitakwisha, na kwamba wajukuu wake wanajua nazi za mahali pale kwa ladha.

Hatukutaka kuikata. Mnazi mrefu hauzibi jua lote, mizizi yake haisambai kama ya mwembe, na kivuli chake chepesi cha mchana kinaisaidia mboga ya majani katika joto la Januari na Februari. Tumeandikiana mapatano ya pande tatu, sisi, wauzaji na mzee, mbele ya wakili na mzee wa mtaa: minazi itabaki kuwa yake na ya warithi wake mpaka itakapokufa yenyewe, mkwezi wake ataingia kuangua kwa taarifa ya siku moja, hakuna mnazi mpya utakaopandwa mahali pa uliokufa, na bustani hazitawekwa chini ya makuti yenyewe, maana nazi kavu ikianguka kutoka juu huua mtu. Wauzaji walikuwa wa kwanza kusema kwamba jambo hili halina haja ya kuandikwa kwa kuwa kila mtu mtaani analijua. Wapangaji wetu watakuwa wageni wasiolijua, na watoto wa wote hawa watakuja kuwa watu wengine.

Kuhusu njia ya msikitini, tumeamua kuiacha ilipo. Itakuwa ndiyo njia kuu ya bustani, yenye upana wa mita mbili, na vipande vitapangwa kandokando yake. Ua utawekwa kila upande wa njia, si kuikata. Tunapoteza nafasi ya vipande viwili hivi, na tunapata macho ya watu wanaopita kwa kila sala.

Machi 2025

Maji. Mombasa haijawahi kuwa na maji ya bomba yanayotosha: yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na mtaa unaweza kukaa siku nyingi mifereji ikiwa mikavu. Mradi wa bustani hauwezi kuyategemea, kwa hiyo kisima ndicho roho ya ununuzi huu, na tumechagua kwa makusudi kukipima sasa, mwishoni mwa kaskazi kabla ya masika, wakati maji yanapokuwa katika hali yake mbaya zaidi.

Kisiwani na kandokando ya bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kila mita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita arobaini chini yake, na ukishusha kiwango cha juu kwa kuvuta kwa kasi, chumvi hupanda kutoka chini. Watu wa zamani waliochota kwa ndoo na kamba walikuwa salama; pampu kubwa ndiyo inayoharibu kisima.

Kipimo cha chumvi hufanywa kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chini ya 0.7 katika kipimo cha desisimensi kwa mita, maji yanafaa kwa mmea wowote. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu; zaidi ya 3 yanaleta madhara makubwa. Kisima chetu kimesoma 1.6 asubuhi, na baada ya pampu ndogo kuvuta mchana kutwa kimesoma 1.7. Tumefarijika. Maana yake kwa mlimaji ni kwamba chumvi itakayojikusanya udongoni itakuwa kama mara moja na nusu ya ile ya maji, yaani 2.4 hivi. Kwa kiwango hicho nyanya hazijapungua mavuno, kwa kuwa kikomo chao ni 2.5. Vitunguu vitapungua, na maharagwe yatapoteza karibu robo ya mavuno. Mvua ya masika itauosha mchanga na kuondoa chumvi hiyo, kwa hiyo maharagwe yapandwe mvua inapoanza, si wakati wa kiangazi. Haya tutawaambia wapangaji kabla hawajalipa.

Kuhusu wingi: mboga katika joto letu huhitaji takriban lita tano kwa mita ya mraba kwa siku. Kipande cha mita 5 kwa 10 kikitolewa vijia kitabaki na matuta ya mita za mraba 35 hivi, sawa na lita 175 kwa siku, na vipande ishirini na sita vitahitaji lita 4,550. Tangi la lita 10,000 linatosha siku mbili. Tulipiga pia hesabu ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa la banda la vifaa: paa la mita za mraba 30, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, na upotevu wa sehemu ya tano, tunapata lita 24,000 kwa mwaka mzima, ambazo ni maji ya siku tano tu. Tutayavuna hata hivyo, kwa ajili ya vitalu vya miche, maana mche mchanga ndio unaoteswa zaidi na chumvi.

Aprili 2025

Saini zote zimekamilika, pamoja na ile ya Maskati. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa kuwa ni ardhi ya mjini (ya mashambani ni 2), na tulikuwa tumeuweka kando tangu mwanzo. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni juu ya muuzaji, na tumehakikisha risiti yake imepatikana kabla ya kuhamisha jina. Hati mpya ina majina yetu matatu kwa hisa zilizotajwa.

Juni 2025

Kugawa ardhi kumekwenda haraka. Tumepata vipande ishirini na sita vya mita za mraba 50, jumla mita 1,300. Zilizobaki ni njia, banda, tangi, miduara iliyoachwa wazi chini ya minazi, na mahali pa mboji. Tulifikiria vipande vikubwa kama vya Uingereza, lakini kule mtu hulima viazi vya kuweka akiba, na hapa mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne na hupandwa tena palepale. Mita 50 zinaweza kumshinda mtu mwenye kazi.

Mchanga hauna rutuba ya kutosha na hauhifadhi maji, kwa hiyo mboji ni lazima, na mboji ina hatari yake karibu na minazi. Mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi huzaliana katika samadi na mashina yaliyooza. Tulipolipasua gogo moja la mnazi uliokwisha kufa zamani, tulikuta ndani mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja kama pete huku vichwa vyao vya kahawia vikitembea polepole katika ungaunga wa mti. Mzee alisimama akayatazama, akatuonyesha kilele cha mnazi wake wa pembeni ambao makuti yake yamekatika kama yaliyokatwa kwa mkasi. Gogo tumelichoma. Mboji itakuwa katika mashimo mawili yaliyofunikwa kwa wavu, itageuzwa kila mwezi, na mabuu yatakayopatikana watapewa kuku wa jirani.

Tangi na pipa zote zimefunikwa kwa kifuniko na wavu. Mombasa imepatwa na homa ya dengi kwa vipindi, ukiwemo wa mwaka 2013, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotulia karibu na watu. Mpangaji haruhusiwi kuweka pipa lake mwenyewe.

Kisima kimepimwa tena baada ya mvua: 0.9.

Julai 2025

Mkataba ni wa mwaka mmoja. Sheria ya ardhi inaruhusu ukodishaji usiozidi miaka miwili ufanywe bila kusajiliwa, mradi hauna kipengele cha kuongeza muda, na sisi tumeona mwaka unatosha. Kodi ni shilingi 1,200 kwa mwezi pamoja na maji. Hakuna kujenga, hakuna kulala, hakuna kumkodisha mtu mwingine.

Sharti lililoulizwa zaidi ni la miti. Hatumruhusu mpangaji kupanda mti wowote, hata mpapai au mgomba. Baba mmoja alituambia kwa upole kwamba mpapai hauna kosa, hukaa miaka michache ukaisha. Tulimweleza habari ya minazi kumi na mmoja, na kwamba kwa desturi yetu anayepanda mti huwa na haki inayoishi zaidi ya mkataba. Alielewa mara moja, kwa kuwa babake mwenyewe ana miembe katika shamba la watu huko Mtwapa. Kilichoingia katika mkataba ni kwamba mimea yote iwe ya msimu.

Tumewapa kipaumbele wakazi wa Mtongwe na Likoni. Waliotupigia simu kutoka kisiwani ni wengi, na kivuko hakiwatozi waendao kwa miguu, lakini bustani inayohitaji kumwagiliwa kila jioni haiwezi kungoja foleni ya feri. Kwa mtu wa Tudor au Majengo tungekuwa tunachukua kodi kwa kipande kitakachokauka. Hao tumewaambia watafute ardhi upande wao, na tumewapa nakala ya mkataba wetu waitumie wakipenda.

Mama mmoja wa Kidigo aliyechukua kipande karibu na kisima hakutaka nyanya wala pilipili hoho. Alipita kwenye ardhi ambayo hatujaipalilia, akachuma mtsunga uliojiotea, akautia katika leso yake na kuuliza kama anaweza kuupanda kwa mistari. Ni mboga chungu, inayoliwa kwa tui la nazi, na mbegu zake haziuzwi dukani. Tumemwomba atunze mbegu kwa ajili ya wengine.

Agosti 2025

Vipande kumi na tisa vimechukuliwa. Saba vilivyobaki viko upande wa chini ambako mchanga ni mwepesi zaidi. Tutavitia samadi na kuvipanda kunde wenyewe mpaka vuli ianze, kisha tuvitangaze. Mzee ameangua mara ya kwanza tangu tununue, na wapangaji waliarifiwa siku moja kabla kama tulivyopatana. Kipimo kijacho cha kisima kitafanyika Machi, wapangaji wakiwa wamevuta maji kiangazi kizima. Kikisoma zaidi ya 2, tutapunguza saa za pampu kabla ya kufikiria kuchimba kisima cha pili, ambacho kitahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kodi ya mwaka wa pili itaamuliwa baada ya kipimo hicho.